Form wan: ukate Kiswahili siku ya kwanza au upunguze kidogo kidogo?
Jamani, mtoto kasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka 7 halafu anafika form wan anakuta baiolojia yote ni Kiingereza. Kuna walimu wanakata Kiswahili siku hiyohiyo, na faida ipo kweli, sikio linazoea lugha haraka, ila darasa linakuwa kimya, watoto wananakili tu ubaoni na ukiuliza swali wote wanaangalia chini. Mimi napunguza kidogo kidogo, wiki za mwanzo naeleza usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa Kiswahili kwanza, kisha nawaandikia nusu sentensi ya Kiingereza wao wanamalizia, baadae nabakiza maneno matatu tu ya kuanzia, baadae neno moja, mwisho nafuta ubao wanaandika wenyewe. Inakula muda sana na silabasi inakimbia, halafu ukisahau kupunguza wanakutegemea mpaka form tuu, na kwenye mtihani wa taifa hakuna wa kuwaanzishia sentensi. Bado siiachi. Juzi binti mmoja anayekaa nyuma kabisa kaandika mistari 4 kuhusu majani na jua, makosa ya sarufi kibao lakini wazo lake mwenyewe, na hakuniangalia hata mara moja.