Uzoefu wangu: Binti yetu kufungwa waya za meno Arusha

Binti yetu amemaliza matibabu ya kupanga meno katika kliniki moja binafsi hapa Arusha, baada ya kuvaa waya kwa karibu miaka miwili. Meno ya juu, yaliyochomoza hata midomo ikawa haifungi vizuri, yamerudi mahali pake, na sasa anaweza kukata chakula kwa meno ya mbele. Kwa matokeo hayo sina lawama. Kwa namna gharama zilivyoelezwa, ninazo.

Daktari bingwa alianza kwa picha za eksirei, kisha akatufafanulia kwamba mkandamizo wa waya huufanya mfupa uyeyuke upande mmoja wa jino na kujengeka upande wa pili, kazi ambayo mwili hauifanyi kwa pupa. Ndiyo maana waya hurekebishwa kila baada ya wiki kadhaa. Chama cha mabingwa wa fani hiyo nchini Marekani hushauri mtoto akaguliwe afikapo miaka 7, ingawa wengi huambiwa tu wasubiri.

Jambo ambalo hatukuelezwa ni floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji ya huku na yanayotia meno madoa. Sisi tuliokulia maji ya huku tunayajua madoa ya kahawia kwenye meno, lakini sikujua kwamba tabaka la nje la jino lililoathirika hivyo halishiki gundi vizuri. Vishikizi vya waya, vile vidude vinavyogundishwa kwenye meno, vilibanduka mara kwa mara, kimoja akiwa anatafuna muwa (ambao kwa kweli alikuwa amekatazwa, pamoja na bisi na barafu), vingine bila sababu ya kuonekana, na kila kilichogundishwa upya kililipiwa. Mzazi wa Arusha au Kilimanjaro aulize mapema gharama hiyo ni ya nani, na ajue pia kwamba waya hupanga meno tu, hauondoi madoa.

Usafi ndio uliotusumbua zaidi nyumbani, kwa kuwa utando wa chakula ukiachwa kuzunguka kishikizi huweza kuacha alama nyeupe za kudumu, ambazo ni mwanzo wa kuoza. Nilisema nikachoka. Siku moja mhudumu wa kliniki alimpaka dawa inayougeuza uchafu kuwa wa waridi, akampa kioo, na binti akaona ufizi wote umezungukwa na mstari wa rangi hiyo. Tangu hapo brashi ndogo ya kupitisha chini ya waya haikukosa kwenye mkoba wake wa shule.

Ritena, kifaa kinachovaliwa baada ya waya kutolewa ili meno yasirudi yalikotoka, haikuwamo katika bei ya awali, na bima yetu iliyaita matibabu yote urembo. Daktari anataka kifaa hicho kivaliwe usiku kwa miaka mingi, hivyo bei yake, na ya kingine kikipotea, iandikwe kwenye makubaliano kabla ya kulipa chochote. Cha binti yetu kilifungwa kwenye tishu mezani mgahawani, kikazolewa pamoja na sahani, nasi tukalipia kingine.