Mguu unaolia hewani: miezi minane na mguu wangu wa bandia

Wiki ya pili tangu nirudi kazini, katikati ya taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi, fundi mitambo alinitazama kupitia kioo akanifanyia ishara ya mlango. Nani anafungua mlango? Mlango ulikuwa umefungwa. Kilicholia ni mguu wangu. Tangu zamani nina tabia ya kupigapiga mguu chini nikiwa nasoma, na sasa wa kushoto ni wa plastiki, kwa hiyo kila nikikanyaga unatoa kilio chembamba, nyii, nyii, na maikrofoni za studio hazina huruma. Habari ya bei ya mafuta niliisoma yote kwa nyii nyii ile.

Basi haya ni maoni yangu kuhusu mguu wa bandia, wa chini ya goti, niliotengenezewa hapa Dar kwenye karakana ambayo jina lake naliacha kwa sababu nina malalamiko na sitaki kesi. Ajali yenyewe haina hadithi: bodaboda, Magomeni, mvua ya masika, lori. Tusonge mbele.

Niliambiwa nisubiri wiki mbili. Nilisubiri tisa. Mara plastiki haijafika, mara fundi amesafiri, mara "piga kesho dada". Simu ya mapokezi ilikuwa inaita mpaka inakata yenyewe. Wakati huo nimeshalipa laki nane, nusu ya milioni moja na laki sita, na magongo nilijinunulia mwenyewe. Kuchelewa ningevumilia kama kungekuwa na mtu wa kunyanyua simu akanieleza. Watu wa mapokezi wana kiti kizuri, feni nzuri na televisheni kubwa, ila kazi ya kupokea ndiyo hawaifanyi.

Fundi mwenyewe simpunji. Siku ya kupimwa alikivalisha kigutu changu soksi nyembamba, akachora kwa kalamu pale mifupa inapokaribia ngozi, akazungushia bandeji ya plasta iliyolowa, vuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani. Kisha akabana kwa vidole gumba viwili chini ya pia ya goti, akatulia hivyo bila neno akisubiri ikauke. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Hapo ndipo utakaposimamia, dada. Ukisimamia nchani utalia. Nikikosea hapa utanichukia mwaka mzima."

Katika dakika zile za kungoja plasta ikauke ndipo nilipomkumbuka May Chidiac. Mwalimu wetu chuoni alikuwa na kawaida ya kutuwekea ukutani picha ya mwandishi mmoja kila Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, na mwaka wetu aliweka yake. Waliokaa nyuma walidhani May ni jina la mwezi. Ni mtangazaji wa Lebanon, wa televisheni ya LBC, kituo kilichoanzishwa mwaka 1985 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Watu walimzoea kwenye taarifa ya habari na kwenye mahojiano ya asubuhi, akiwauliza wanasiasa maswali ambayo wengine waliyazunguka. Mwaka 2005 ulikuwa mbaya sana kwao. Februari 14 Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani, aliuawa kwa bomu Beirut. Juni 2 akauawa mwandishi Samir Kassir, ndani ya gari lake. Jumapili ya Septemba 25 May alikuwa hewani asubuhi, kipindi kikazungumzia mauaji ya Hariri na mkono wa Syria. Baadaye siku hiyohiyo aliingia kwenye gari lake karibu na Jounieh, na bomu lililotegwa chini ya kiti likalipuka. Alipoteza mguu wa kushoto na mkono wa kushoto. Desemba 12 akafuata Gebran Tueni wa gazeti la An-Nahar, naye kwa bomu la gari.

Chuoni niliyanakili hayo kwa ajili ya mtihani. Juu ya benchi la karakana, bandeji ikinibana, nilikumbuka neno moja tu: kushoto. Kama mimi.

Kabla mwaka haujapita alikuwa amerudi mbele ya kamera. Katikati hapo kulikuwa na Ufaransa, hospitali, oparesheni nyingi na mazoezi ya kutembea, lakini masimulizi mengi yanaruka kutoka kitandani hadi studio kwa sentensi moja, kama vile mguu unaletwa na pikipiki pamoja na chipsi. Mei 3, 2006, UNESCO ilimpa tuzo ya uhuru wa vyombo vya habari ya Guillermo Cano kwenye hafla iliyofanyika Colombo, Sri Lanka. Cano alikuwa mhariri wa Kolombia aliyepigwa risasi mwaka 1986 akitoka ofisini kwake Bogotá. Tuzo yenye jina la aliyekufa, ikipokelewa na aliyenusurika.

Kazini wakaanza kuniita "May wetu". Nimewakataza. Mimi sikulipuliwa na mtu kwa sababu ya nilichosema hewani. Nilipitiwa na lori nikiwa nawahi zamu, na dereva wa bodaboda alikuwa anaongea na simu. Kuniweka kundi moja na yule mama ni kumdhulumu yeye na kunibebesha mimi ushujaa ambao hauna posho.

Ila vipande vyake nilivitafuta, sikatai. Kiarabu sijui, ninachokipata ni yale maneno tuliyorithi: rais, waziri, siasa, dakika. Kipindi chake cha baadaye kiliitwa Bi Kul Jur'a. Mjomba, aliyesoma dini miaka mingi Unguja, akaniambia maana yake ni kwa ujasiri wote. Kwetu jura ni mjinga. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Na hewani humo, Februari 2009, ndimo alimotangazia kwamba anaacha kazi. Anayeijua kazi hii anajua uzito wake: kuaga bila kumpa meneja nafasi ya kukuandikia maneno.

Turudi kwenye mguu. Jambo ambalo hakuna aliyenionya, na nalisema hapa kwa herufi kubwa kama ningeweza, ni kiatu. Unyayo wa bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu ulichokwenda nacho. Mimi nilipeleka raba. Kazini nikavaa kiatu chenye kisigino cha inchi moja na nusu, nikawa natembea kama ninayesukumwa mgongoni. Nikarudi kwa fundi. "Dada, mguu huu ulipimwa kwa raba yako. Ukibadilisha kiatu, njoo tuupange upya." Akafungua nati kwa spana, akaupanga upya kwa kiatu cha kazini, dakika kumi, bure.

Na hapo matatizo yakahamia nyumbani. Sisi viatu tunavua mlangoni. Nilikwenda hitma Kariakoo, nikavua kama kila mtu, hatua ya kwanza tu nikahisi naanguka kwa nyuma, maana kisigino kilichozoewa na mguu hakipo. Shangazi akanidaka. Kisha mkeka: goti linakunja, lakini ukingo wa soketi, kile kikombe kinachoshika kigutu, unakula nyuma ya paja, na mguu unabaki umenyooka mbele za watu kama mchi. Nikaletewa kiti cha plastiki, mimi peke yangu juu ya wote, wakubwa zangu wakiwa chini. Aibu ile haimo kwenye kijitabu cha maelekezo. Siku hizi natembea na kandambili nene mkobani, fundi ameipima kimo, naivaa ndani na nimezoea kuomba radhi.

Joto la Dar nalo ni kesi nyingine. Kufika saa saba mchana ndani ya soketi kuna jasho la kumimina. Nimejifunza kubeba soksi tatu za pamba, kuvua mguu chooni ofisini, kufuta, kupaka poda, kuvaa upya. Jioni kigutu kinapungua, naongeza soksi ya pili la sivyo mguu unacheza. Kwenye usafiri, mwendokasi ni rafiki kwa sababu jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, ingawa nafasi ya kusimama ni ya kugombea. Daladala nimeziacha. Ngazi yake ya kwanza ni ndefu na konda anagonga bodi kabla sijapata pa kushika.

Kile kilio kilikuwa kitu kidogo kuliko nilivyoogopa. Bolti inayoshika unyayo ilikuwa imelegea. Fundi aliikaza, akapaka poda pale plastiki zinapokutana, akaniambia nikanyage mara kumi huku yeye ameinamisha sikio chini kama anayesikiliza moyo wa mtoto. Kimya. Hata hivyo nimekomesha tabia ya kupigapiga, na kabla ya taarifa naweka kisigino juu ya kipande cha zulia ambacho fundi mitambo alinikatia.

Ningeupendekeza? Mguu ndiyo, mapokezi hapana. Rangi ni kahawia ambayo si ya mtu yeyote ninayemfahamu, mama anasema ni mguu wa mgeni. Uzito wake nimeuzoea baada ya mwezi wa tatu. Soketi imenitoboa ngozi mara mbili, na mara zote mbili fundi aliipasha moto na kuirekebisha siku hiyohiyo, mradi nilimfikia yeye mwenyewe bila kupitia mezani kule.

May Chidiac naye hakubaki mezani. Januari 2019 aliteuliwa kuwa waziri wa nchi wa maendeleo ya utawala, mmoja wa wanawake wanne katika baraza la mawaziri 30, na Oktoba mwaka huohuo, maandamano yalipofurika mitaani Beirut, yeye na mawaziri wenzake wa chama cha Lebanese Forces wakajiuzulu. Nilipoona picha za kuingia ikulu, wenzangu walitazama gauni. Mimi nilitazama viatu.

Kwa anayekwenda: fika kabla ya saa mbili, pita mlango wa nyuma ulipo moshi wa plastiki, ulizia fundi wa miguu. Beba kiatu unachokivaa siku nyingi kuliko vyote, na kandambili zako.