Randa kuukuu namba 4: miaka mitatu juu ya meza yangu

Niliikuta Ngamiani, Tanga, chini ya rundo la spana, kwa kijana anayetandika vyuma vya mtumba juu ya turubai. Imeliwa na kutu, mpini wa nyuma umevunjika, pembe za kisu zimeviringika. Nilipoifuta kwa kidole gumba, maandishi yakajitokeza kwenye chuma chenyewe: Bailey, No 4, na kwamba ilitengenezwa Uingereza.

"Hiyo elfu sitini, fundi."

"Bwana mdogo, haina mpini hiyo."

"Mpini si unachonga mwenyewe?"

Alinipata hapo. Tukaachana kwa elfu arobaini na tano.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimenunua randa mpya dukani, inang'aa, imo kwenye boksi lake. Mtengenezaji simtaji. Fremu moja tu ya mlango, makali yakalala. Tumbo lake, yaani uso wa chini unaoteleza juu ya mbao, nililiweka juu ya kioo likacheza kama ngalawa, na mdomo ulikuwa umekatwa upogo, kwa hiyo maranda yalitoka upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Nilihangaika nayo miezi minne. Ndiyo maana siku ile Ngamiani sikuitazama rangi. Nilitazama mdomo kwanza, ule uwazi wa tumboni ambamo kisu hutokezea, kwa sababu randa ikianguka sakafuni ufa huanzia hapo, na chuma cha kusubu si cha kupeleka kwa mchomeleaji yeyote wa mtaani. Nikahesabu skrubu. Skrubu za randa hizi zina uzi wake wa peke yake. Ukikosa moja, duka la vifaa vya ujenzi halitakusaidia. Nikazungusha gurudumu la shaba la nyuma, nalo hukaza kinyume, usije ukadhani limeharibika. Kisu nilikitazama mwisho. Kisu kinanoleka, na kikiisha kinabadilishwa.

Aliyenifundisha kazi alitumia randa ya mbao yenye kabari, na kisu alikisogeza kwa kukigonga nyundo, ti, ti, huku jicho moja kalifumba. Raha ya muundo wa Bailey ni hilo gurudumu: kidole kimoja kinashusha kisu unene wa karatasi bila kuacha mbao. Leonard Bailey alikuwa Mmarekani, na kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake mwaka 1869. Randa niliyonayo ni ya miaka mingi baadaye, lakini mpangilio ni ule ule. Urefu wa tumbo ni kama sentimita 24 na nusu, kisu kina upana wa sentimita 5. Kisu chenyewe ni chembamba, kama milimita 2, na wako mafundi wanaoona hiyo kasoro. Mimi naiona faida, kwa sababu chuma chembamba hunoleka upesi, na kinachonoleka upesi ndicho kinachonolewa.

Kuisafisha kulinila Jumapili nzima. Fundi vioo jirani alinipa kipande cha kioo cha milimita 6, nikagandisha msasa namba 80 juu yake, nikachora mistari ya penseli tumboni mwa randa na kuisugua hadi mistari yote ikafutika. Kisu nilikiacha mahali pake, nimekirudisha ndani kidogo na kukikaza kama wakati wa kazi, maana mkazo ule unalipinda tumbo kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kisha msasa 120, kisha 240. Mpini nilichonga kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mteja, nao sasa umeingia rangi ya mikono yangu.

Pamoja na hayo yote, randa ilinitoa jasho kwenye kazi ya kwanza ya maana, mlango wa mvule. Anayeujua mvule anajua nyuzi zake hupishana: mstari mmoja unakujia, ulio kando yake unakukimbia. Nilipiga randa, maranda yakajisokota na kukwama mdomoni, na nilipoinua mkono nikakuta mbao imenyofoka vishimo kama ngozi ya ndui. Nikanoa upya. Ikanyofoka tena. Nilikaribia kuirudisha Ngamiani.

Tatizo halikuwa makali. Juu ya kisu kuna kipande cha chuma kilichopinda mbele. Karakanani kwetu tunakiita mgongo. Wengi tunadhani kazi yake ni kukandamiza kisu tu. Nilivitoa viwili hivi, nikavibana na kuvielekeza dirishani. Mwanga ulipita katikati. Maranda yalikuwa yanaingia kwenye uwazi ule na kujishindilia. Nikausugua mgongo juu ya kioo na msasa, mkia wake nikiushusha kidogo chini ya usawa wa kioo ili ncha ya mbele pekee ndiyo iguse, hadi mwanga ukakatika kabisa. Halafu nikausogeza mbele, ukabakiza kama nusu milimita kufika kwenye makali. Hapo awali ulikuwa nyuma milimita 3.

Ukiwa nyuma, kisu huinua nyuzi, ufa unatangulia mbele ya makali, unazama ndani na kung'oa. Ukiwa karibu, maranda yanagonga mgongo punde tu yanapoinuka, yanakunjika na kuvunjika kabla hayajapata nguvu ya kupasua. Niliporudi kwenye mlango ule maranda yalitoka yamenyooka, yameinuka juu kuelekea usoni kwangu, na chini yake mvule ukabaki laini unang'aa kama umepakwa mafuta. Nilimwita kijana wangu wa kazi aje ashike. Alipitisha kiganja mara mbili, halafu akauliza, "Fundi, hapa umeshapiga msasa?" Sikuwa nimeugusa.

Kwa msonobari wa Sao Hill, usio na ubishi, naurudisha mgongo nyuma hadi milimita moja na nusu, maana ukiwa karibu mno randa inakuwa nzito kusukuma bila sababu.

Kuhusu kunoa, kila mti una deni lake. Msaji tunaoupata kutoka shamba la Longuza, Muheza, una silika ndani, yaani chembe za asili ya mchanga, nao hula makali polepole siku nzima. Mvule hauli, unavunja: ndani ya shina hujenga mawe meupe ya chokaa, na siku moja nilisikia mlio mmoja tu, nikatoa kisu kina pengo. Pengo kama hilo lazima lisagwe kwenye mashine, nami nachovya kisu kwenye maji kila baada ya miguso miwili mitatu. Ncha ikigeuka buluu, ugumu wa chuma umekwenda, na hapo utasaga hadi buluu yote iishe. Nasaga kwa digrii 25, kisha kwenye jiwe nanyanyua kidogo hadi 30, ili nisiwe nanoa uso mzima kila mara. Jiwe langu lina pande mbili, namba 1000 ya kunolea na namba 6000 iliyo laini zaidi, na namalizia kwenye mkanda wa ngozi wa zamani niliougandisha juu ya ubao. Kupima, nakata kichwa cha mbao ya msonobari, pale nyuzi zinapokomea. Kikibaki safi, makali yapo. Kikitoa unga, narudi kwenye jiwe.

Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma na chuma. Wakati wa masika randa iliyolala na jasho la mkono inaamka na madoa. Kila jioni naifuta kwa kipande cha kanga kuukuu chenye mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usijaribu, yanaganda na kuwa ulimbo. Tumboni napitisha mshumaa mistari miwili kabla ya kazi ndefu, na tofauti unaisikia begani.

Uzee wake unaonekana mahali pamoja. Gurudumu lina mchezo, karibu nusu mzunguko kabla kisu hakijasikia, kwa hiyo marekebisho yangu ya mwisho huwa daima ya kukisukuma mbele, kamwe si ya kukirudisha. Isipokuwa hilo, sina lawama. Umeme ukikatika naendelea na kazi, na mawimbi yanayoachwa na mashine ya kuranda nayaondoa kwa mikupuo mitatu.

Kitu kimoja haiwezi: meza ndefu. Kwa ufupi wake inaingia mabondeni na kupanda vilimani, na unaishia na uso laini usio sawa. Kwa kazi hiyo natafuta namba 5, yenye tumbo la kama sentimita 35. Yule kijana wa Ngamiani nimeshamwambia aniwekee, mradi mdomo wake uwe mzima. Mpini hata usipokuwepo.