Kompyuta ya gemu za zamani: ipi uagize ukiwa Lamu

Kabla ya kuuliza mashine ipi ina gemu tamu, tazama soketi ya ukutani kwako. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, plagi ya pini tatu, sawa na Uingereza. Basi agiza kutoka huko, yenye PAL, mfumo wa picha za TV wa Uingereza. Ya Marekani inataka volti 120, ya Japani volti 100, na zote hutoa picha ya NTSC, mfumo tofauti na PAL. Kompyuta za Kijapani za aina ya MSX nazitamani hadi leo, lakini sitaki transfoma nyingine mezani.

Adui wa pili ni chumvi. Kusi likivuma, hata skrubu za mlango huota kutu, sembuse miguu ya chipu.

Ya kwanza kwangu ni Commodore 64, iliyotoka 1982. Ina kilobaiti 64 za kumbukumbu, na chipu yake ya sauti, SID, bado inawapa watu raha. Inatoa picha kwenye tundu la AV la TV ya kawaida, na ziliuzwa nyingi mno, kwa hiyo vipuri havijaadimika. Ubaya wake ni transfoma ya asili. Ikichakaa, ile njia ya volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Yangu niliichomeka na transfoma iliyokuja nayo, kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba ni nzima. Wiki haikwisha, skrini ikawa nyeusi tii. Nunua transfoma mpya iliyotengenezwa siku hizi, na ile kuukuu usiijaribu hata dakika moja. Diski pia ziache, huku kwetu zinaota ukungu. Tafuta kifaa cha kusoma kadi ya SD.

Mfuko ukiwa mwembamba, chukua ZX Spectrum ya kilobaiti 48, nayo ya 1982. Ni nyepesi kama mikate michache ya mofa. Gemu zake zilikuwa sauti ya kaseti, kwa hiyo simu yako inatosha: chomeka waya kwenye tundu la EAR, cheza faili, ngoja dakika kadhaa. Omba iliyokwisha kurekebishwa itoe picha ya AV, maana ya asili hutumia njia ya antena. Angalia adapta pia: ni volti 9, na hasi iko katikati, kinyume na nyingi za dukani.

Amiga 500 ya 1987 ndiyo yenye picha nzuri kuliko hizo mbili, lakini nimeiweka ya tatu. Tundu lake la AV hutoa picha bila rangi, kwa hiyo utahitaji waya wa RGB, unaobeba nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, na TV inayoukubali. Ikiwa na kadi ya kuongeza kumbukumbu, fungua kifuniko cha chini utazame betri ya kadi hiyo; ikivuja hula bodi. Amiga 600 na 1200 usizinunue mpaka uhakikishe kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo vya kwenye bodi, zimebadilishwa.

Amstrad CPC 464, kompyuta nyingine ya Uingereza, hupata umeme kutoka kwenye monita yake, kwa hiyo ni lazima uiagize na monita. Wewe fikiria kuishusha monita hiyo Mokowe, kuipakia botini, kisha punda. Hapana.

Kwenye bei ongeza usafiri, na VAT ya asilimia 16. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video ikiwaka, na picha ya bodi ikiwa imefunguliwa. Akikataa kufungua, tafuta mwingine.