Mkopo wa nyumba Dar: riba niliitarajia, hati ndiyo iliyonitoa jasho

Mnaotaka kukopa benki mnunue nyumba iliyokwisha kujengwa, ulizeni hati miliki ya nyumba kabla hamjapiga hesabu ya mshahara. Mimi na mume wangu tulimwendea afisa mikopo na salary slip zetu na taarifa za akaunti, tukijua tuko kamili. Akazipitia haraka, akauliza: "Muuzaji ana hati?"

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda, kule Goba, ilikuwa na mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Hapo hapo tukaambiwa haiwezekani. Rehani inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na pasipo hati hakuna cha kusajili. Leseni ya makazi (kibali cha muda kwa maeneo yasiyopangwa) nayo wakaikataa. Tukavuka kwenda Kibada, Kigamboni, kwenye viwanja vya mradi, ambako hati zipo. Hata huko usimwamini dalali. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue kama nyumba haijawekwa rehani kwingine. Na mke wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Mke wa muuzaji wetu alikuwa Mwanza, tukamsubiri.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa milioni 105. Mthamini akaandika milioni 100. (Benki ndiyo inayomchagua, sisi ndio tunaomlipa. Hilo bado linanikera.) Benki ilikopesha asilimia 80 ya namba ya mthamini, haikujali bei tuliyokubaliana, kwa hiyo tukapata milioni 80, na kianzio chetu kikapanda kutoka milioni 21 hadi 25. Bado ada ya mkopo, mwanasheria, ushuru wa stempu, bima ya maisha na bima ya moto. Zote hizo taslimu, mfukoni mwako.

Riba ilikuwa asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Afisa alitusukuma tuchukue miaka 20, eti "marejesho yatakuwa mepesi". Nikamwomba atoe mchanganuo wa marejesho wa miaka 15 na wa 20, niilinganishe. Wa 15, takriban shilingi 1,175,000 kwa mwezi. Wa 20, 1,113,000. Yaani wepesi wenyewe ni elfu 62 tu, na kwa wepesi huo unalipa jumla ya kama milioni 267 badala ya 211. Tukachukua 15. Jiandae kisaikolojia lakini: katika rejesho letu la kwanza, zaidi ya milioni moja ilikuwa riba, na deni lenyewe likapungua kwa elfu 108 hivi.

Huduma yao? Afisa alikuwa mstaarabu na anapokea simu, ila kitengo cha sheria makao makuu kilikaa na faili letu hadi muuzaji akaanza kuonyesha nyumba kwa watu wengine. Kwenye mkataba wa mauziano wekeni muda mrefu wa kukamilisha malipo. Wa kwetu ulitubana, ikabidi tumbembeleze atuongezee.

Kitu kimoja nilichokipenda: wanaruhusu kulipa zaidi bila faini. Ila ukipeleka ziada, andika barua kwamba ikapunguze deni la msingi, kisha udai mchanganuo mpya. Bila barua wanaihesabu kama marejesho ya miezi ijayo, na riba inaendelea kukokotolewa kwenye salio lile lile.