Kabati la UV kwenye kliniki ya meno: ndizi ilinieleza zaidi ya muuzaji

Nina miaka saba nikimsaidia daktari wa meno katika kliniki ndogo hapa Kigoma, upande wa Mwanga. Kazi yangu nyingi iko nyuma ya pazia: kuloweka, kusugua, kutakasa, kupanga. Hili kabati nimelifungua na kulifunga kila siku kwa mwaka na ushee, kwa hiyo nina la kusema.

Tulilinunua kwa sababu ya umeme. Siku ya foleni otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, imefika katikati, umeme unakatika, unaanza upya, na mgonjwa ameshika shavu anakutazama. Daktari akasikia kuna kabati linaloua vijidudu kwa mwanga wa UV (urujuanimno), dakika kumi tu, tena linakula umeme kidogo kiasi cha kutosha betri ya sola. Likaja na basi kutoka Dar. Ukubwa wake kama maikrowevu, mlango mweusi, trei mbili za wavu na taa moja juu. Likiwaka linatoa bluu nzuri, hata wagonjwa wakiiona wanatulia. (Mwanga unaofanya kazi hauonekani kwa macho. Hiyo bluu ni ziada tu.)

Nilimpigia muuzaji kuuliza matumizi. Akaniambia, "Dada yangu, hilo likishawaka, otoklevu yenu iwekeni stoo." Na kweli, kuna wiki mbili hivi umeme ulitusumbua, vifaa vingi vikawa vinapitia humo tu.

Halafu siku moja namkabidhi daktari koleo la kung'olea magego. Kabla sijamfikishia nikalifungua kidogo, mazoea tu, nikaona kwenye maungio, pale pande mbili zinapopishana, mstari mweusi mwembamba kama unywele. Damu iliyokauka. Koleo lilikuwa limetoka kabatini dakika ileile. Kosa la kwanza ni langu, nililisugua harakaharaka. Lakini kabati nalo halikunisaidia kitu.

Jioni nikanunua ndizi mbivu mbili. Ya kwanza niliizungushia karatasi ya foili nusu, nusu nikaiacha wazi. Ya pili nikaifunika kwa kibakuli cha kioo, kilekile tulichokuwa tunawekea vichwa vya kuchongea jino "ili visipotee". Nikawasha taa mizunguko kadhaa, nikazilaza. Asubuhi ile ya kwanza ilikuwa kahawia sehemu iliyotazama taa. Chini ya foili njano, na tumboni, upande uliolalia wavu, njano vilevile. Ya pili ilikuwa njano yote, kama imetoka sokoni sasa hivi. Yaani vile vichwa vya kuchongea vilikuwa vinaota taa tu, hakuna kilichovifikia.

Ndizi haikuonyeshi kama kijidudu kimekufa, inakuonyesha mwanga umefika wapi. Na hapo ndipo penye mambo yote. Taa hizi za zebaki hutoa mionzi ya nanomita 254, ambayo huharibu chembe za urithi za kijidudu kisiweze kuzaliana. Lakini ni lazima ikiguse. Haipindi kona, haipenyi damu wala ute, haipiti kioo cha kawaida, wala ile mifuko ya karatasi na nailoni tunayofungia vifaa. Mvuke wa otoklevu wenyewe unaingia hadi kwenye maungio ya koleo.

Mwezi wa tano ikafa swichi ya mlango, ile inayotakiwa kuzima taa ukifungua. Mwenzangu hakujua, akapanga vioo vya kinywani mlango ukiwa wazi, dakika chache tu. Usiku akanipigia simu analia, macho kama yamemwagiwa mchanga. Yalipona baada ya siku mbili, lakini toka hapo hakuna anayegusa mlango kabla ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hili tu nimelikata nyota mbili.

Dogodogo nyingine: trei zetu za plastiki zimekuwa za njano na zinapasuka pembeni. Na taa huchoka taratibu huku bluu ikiwa ileile, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Mimi nimebandika plasta ubavuni, naandika saa ilizowaka. Ile ya kwanza tuliyoibadilisha ipo kwenye boksi lake, kwa sababu ina zebaki na siwezi kuitupa jalalani.

Sasa linatufaa kwa nini? Kutunza. Vioo na vibanio vya kuchunguzia meno, vilivyokwisha oshwa, kutakaswa na kukaushwa, ninavilaza humo kimojakimoja bila kupandana, navigeuza, na vinasubiri mgonjwa pasipo vumbi. Kwa vumbi la Kigoma wakati wa kiangazi hiyo siyo kazi ndogo. Kinachoingia kwenye damu, yaani koleo, vichwa vya kuchongea na mashine yake, hakipiti huko tena. Kinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kama ni chuma kinachostahimili, kinasuguliwa kwa brashi maungio yakiwa wazi, kisha kwenye mvuke.

Kama kabati la kutunzia, nyota tatu kati ya tano. Kama mashine ya kutakasia, sitoi hata moja.

Daktari sasa anataka taa kubwa ya UV ya kusimama, ya kuwasha chumbani wagonjwa wakishatoka, kwa ajili ya yale manyunyu yanayobaki hewani baada ya kuchonga meno. Nimemwambia nitaikubali siku atakapoweka kufuli mlangoni na kutengeneza dirisha ambalo halifunguki. Kwanza lakini tumenunua otoklevu ndogo ya kubandika kwenye jiko la gesi: nyuzi 121, dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa. Jana umeme ulikatika saa nne asubuhi na hakuna mgonjwa aliyejua.