Godoro la sponji inchi 8 kwa mbeba vyuma wa Kigoma: linunue kwa kilo

Ukiingia duka la magodoro pale Mwanga, muuzaji atakuuliza futi ngapi na inchi ngapi, basi. Mtu wa kawaida hayo yanamtosha. Anayebeba vyuma mara nne kwa wiki, mwili umefika kilo 90 na bado anataka uongezeke, aulize na la tatu: sponji yenyewe ina uzito gani?

Godoro tunalolitathmini hapa ni la futi 5 kwa 6, unene inchi 8, lile wauzaji wanaloliita la haidensiti, yaani la sponji nzito iliyoshikana. Neno hilo siku hizi limebandikwa hata kwenye sponji ambayo ukiikandamiza kwa ngumi unagusa ubao. Usiliamini, pima. Godoro la vipimo hivyo lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 16 kwa mita ya ujazo inatoa godoro la kilo 9 hivi. Ya kilo 24 inatoa 13 na nusu, ya kilo 30 inatoa 17. Omba mizani ya kupimia watu, panda umelibeba godoro, kisha panda mikono mitupu, utoe. Kitambaa nacho kina uzito wake, kwa hiyo punguza kidogo. Kwa mtu wa kilo 90, chini ya kilo 13 na nusu achana nalo, hata kama muuzaji anaapa.

Kuna ujanja mmoja. Sponji huweza kutiwa unga wa chokaa kiwandani ili iwe nzito bila kuwa imara. Fungua zipu, isugue kwa kidole gumba: ikitoa vumbi au ikimeguka, hizo kilo ni za unga. Sponji nzuri ukiibonyeza kwa goti inarudi mara moja na haiachi shimo.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa ajili ya godoro? Kwa sababu msuli haukui jimu. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito, na usingizi huo mwingi uko saa za mwanzo za usiku. Ukigeukageuka kutafuta pa kuweka nyonga saa hizo, unajipunja mwenyewe. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wanapunguza uzito kwa wiki mbili, mara wakipewa saa 8 na nusu za kitandani, mara saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana, ila kwenye usingizi mfupi mafuta yalitoka kidogo na msuli ndio ukaliwa. Anayekata mafuta huku akikesha kwenye simu alifikirie hilo kabla ya kununua kopo jingine la protini.

Kuhusu ugumu, vijiweni utaambiwa mgongo unataka godoro gumu kama ubao. Si kweli. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003, kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, uliona ugumu wa wastani unasaidia kuliko ugumu wenyewe. Mbeba vyuma anaielewa sababu haraka: mabega yametanuka kwa benchi, zoezi la kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali, na akilala ubavu kwenye godoro gumu bega linabeba uzito wote, asubuhi mkono una ganzi. Kwenye laini mno nyonga inazama, kiuno kinapinda usiku kucha, na kesho yake dedilifti, zoezi la kuinua chuma kutoka sakafuni, inaanza na kiuno kilichochoka. Hili la inchi 8 lenye sponji ya kilo 24 hadi 30 linakaa katikati, na hapo ndipo tunaliona lina thamani ya pesa yake. La inchi 6 la sponji hiyohiyo ni bora kuliko la inchi 10 la sponji nyepesi.

Kasoro yake kubwa ni joto. Sponji nzito haipitishi hewa vizuri, na Kigoma kabla ya mvua hazijakaza ni mji wa kulala bila shuka. Wengi wanaliongeza tatizo wenyewe kwa kuacha nailoni ya dukani ili godoro lisichafuke. Jasho halina pa kwenda, unaamka saa 8 usiku umelowa. Toa nailoni, tandika shuka la pamba. Usililaze sakafuni, linashika ukungu kwa chini. Chaga za kitanda zisiachane zaidi ya inchi 3, la sivyo sponji inatumbukia katikati na utalaumu kiwanda.

Angalia na neti. Inchi 8 zinakula urefu wake, ikawa haifiki kuchomekewa. Nunua ndefu ya pembe nne. Ya duara inakugusa kiwiko na mbu wanakung'ata kupitia humohumo.

Godoro haliwezi kushindana na kahawa. Kikombe cha saa 12 jioni, nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa 5 usiku. Jua la Kigoma linachelewa, linachomoza karibu saa 1 asubuhi, kwa hiyo anayelala saa 4 usiku na kuamka na adhana ya alfajiri, kwenye saa 11 na nusu hivi, ana saa 7 na nusu bila kubana ratiba.

Ligeuze kichwa kwa miguu kila baada ya miezi mitatu. Kujua kama limekwisha, laza fimbo iliyonyooka juu yake kwa upana, pale unapoweka nyonga, kisha pima kwa rula nafasi iliyo chini ya fimbo. Likiwa limebonyea zaidi ya inchi 1 na nusu bila mtu juu yake, mpe fundi wa makochi akate mito.